Silent Hill: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Alama na Maana Zilizofichwa

Maswali haya hujirudia kila mtu anapomaliza Silent Hill 2 usiku wa manane akabaki ameikodolea macho skrini. Majibu yanafichua kila kitu, miisho ikiwemo. Kama bado hujacheza na unataka kucheza, soma sehemu ya kwanza tu kisha uje siku nyingine. Uzito umewekwa kwenye michezo minne ya mwanzo, ile iliyotengenezwa na kikosi cha Konami kilichoitwa Team Silent kati ya 1999 na 2004, kwa sababu humo ndimo alama zilipangwa kwa makini zaidi.

## Mambo ya mwanzo

Silent Hill ni hadithi ya nini hasa?

Ni mfululizo wa gemu za kutisha kuhusu mji mdogo wa kubuni huko Marekani, uliokuwa wa watalii, kando ya ziwa Toluca. Karibu kila mchezo una mtu anayeingia mjini kumtafuta mpendwa wake: Harry Mason anamtafuta bintiye Cheryl katika mchezo wa kwanza (1999), James Sunderland anamtafuta mkewe Mary katika wa pili (2001). Mji unawapokea kwa kuwatolea nje yale waliyoyabeba moyoni. Hofu inapata miguu. Kosa linapata uso, au linanyimwa uso, kutegemea ni kosa la nani.

Kumbukumbu zinazookotwa ndani ya mchezo zinasema kwamba ardhi ile ilikuwa takatifu kwa wenyeji walioporwa, na kwamba waliiona kuwa makao ya roho zilizo kimya. Nguvu ilikuwepo kabla ya watu wabaya kuja kuichafua.

Nianze na upi?

Wa pili. Hadithi yake inasimama peke yake. Wa kwanza na wa tatu ni hadithi moja iliyokatwa katikati, kwa hiyo usicheze wa tatu kabla ya kuujua wa kwanza. Wa nne unaweza kuuchukua wakati wowote, ingawa una viungo viwili vitatu na wa pili.

Kuna kanuni ya kusoma alama zake?

Ipo moja, na majibu mengi hapa chini yanaitegemea: kabla ya kuuliza kitu kina maana gani, uliza ni cha nani. Hakuna orodha ambayo ndani yake kutu ni kitu fulani na muuguzi ni kitu fulani siku zote.

Chukua wauguzi. Katika mchezo wa kwanza wameinama, mgongoni wamebeba kinyama kinachowaendesha. Hao ni wa Alessa, mtoto aliyeungua na kufichwa hospitali miaka saba, akihudumiwa na watu waliomweka hai ili aendelee kuumia. Katika mchezo wa pili wauguzi wana sura zilizovimba hazitambuliki, na gauni fupi. Hao ni wa James: mume aliyekaa muda mrefu kando ya kitanda cha mke mgonjwa, ugonjwa ukimharibu ngozi, huku mwili wake mwenyewe bado una matamanio anayoyaonea aibu. Sare ni ileile. Mateso ni mawili tofauti kabisa.

Ukungu una maana gani?

Mwanzoni haukuwa na maana yoyote. PlayStation ya kwanza haikuwa na uwezo wa kuchora mji mzima kwa mara moja, hivyo watengenezaji wakaufunika kwa ukungu na giza ili mchezaji asione mahali mitaa inapokatikia. Kwenye PlayStation 2 shida hiyo ilipungua sana, lakini ukungu ukabaki, safari hii kwa makusudi. James anatembea ndani ya jambo ambalo hataki kuliona mbali.

Thamani yake ilionekana vizuri ulipopotea. Mkusanyiko wa HD wa 2012, yaani michezo ya zamani iliyotolewa upya kwa picha safi zaidi, ulitoka ukungu ukiwa mwepesi mno, na wachezaji wakaona kingo za ramani zilivyokatwa. Hofu yote ikayeyuka.

Kwa nini king'ora kinalia halafu kila kitu kinageuka?

Ule ni ulimwengu wa pili wa mji, na nao una mwenyewe. Wa Alessa ni chuma, kutu, nyavu za vyuma badala ya sakafu, viti vya magurudumu: moto na hospitali. Wa James ni unyevu, ukuta uliooza, maji yanayotiririka. Angela, mwanamke ambaye James anakutana naye mjini, tunaonyeshwa wa kwake mara moja tu (tazama swali lake hapo chini).

Kwa hiyo mazimwi yapo kweli au ni ndoto?

Katika mchezo wa tatu (2003) kuna maneno mafupi yaliyowanyima watu usingizi. Heather, mhusika mkuu, anamlalamikia Vincent, mtu wa dini ya mji, kuhusu mazimwi aliyoyaua, naye anamuuliza, kumbe kwako yanaonekana mazimwi? Heather anashtuka. Vincent anacheka na kusema alikuwa anatania.

Watengenezaji hawakulifunga jambo hilo, na nadhani walifanya vyema. Viumbe wana uwezo wa kuua, kwa hiyo neno ndoto halitoshi. Lakini sura zao zinamhusu anayewatazama.

## Silent Hill 2: James na Mary

Ukweli wa James ni upi?

James anaamini mkewe alikufa kwa ugonjwa miaka mitatu iliyopita, na sasa amepata barua yake ikimwambia anamsubiri mjini. Ndani ya chumba namba 312 cha Lakeview Hotel anaweka kanda ya video na kuona ukweli: alimuua mwenyewe, kwa mto, kitandani. Miaka mitatu ilikuwa umri wa ugonjwa. Kifo ni cha juzijuzi.

Alimuua kwa huruma au kwa kuchoka? Mchezo unamlazimisha akubali kwamba ni vyote viwili. Anakiri kwamba sehemu fulani yake ilimchukia Mary na ilitaka maisha yake irudishiwe. Ukiondoa nusu moja kati ya hizo, hadithi inabaki ama ya malaika ama ya jambazi, na zote mbili hazipendezi.

Pyramid Head ni nani?

Ni mwadhibu wa James. Umbo lilichorwa na Masahiro Ito: mwili wa mtu, aproni ya mchinjaji, na kofia kubwa ya chuma yenye kutu inayofunika uso wote. Kwenye jumba la historia la mji kuna picha ya kuchorwa inayomwonyesha, ikitukumbusha wanyongaji wa zamani wa mji ule. James ameazima umbo kutoka historia ya mahali na kulipa kazi yake mwenyewe.

Tazama anachokifanya. Anamuua Maria, mwanamke mwenye sura ya Mary, mbele ya macho ya James, tena na tena. Yaani anarudia kosa mpaka mwenye nalo alikubali. Ndiyo maana karibu na mwisho James anasema kwamba alikuwa dhaifu, alihitaji mtu wa kumwadhibu, na sasa hahitaji tena. Pyramid Head wawili anaokabiliana nao hawashindwi kwa risasi. Muda ukifika wanajichoma wenyewe kwa mikuki, kwa kuwa kazi yao imekwisha.

Kwa nini mwishoni wako wawili?

Kila mmoja anaacha yai, moja la rangi ya kutu na jingine jekundu. Wachezaji wengi wanasoma kwamba kufikia hapo James ameshaua watu wawili, Mary na Eddie, kijana aliyekutana naye mjini. Inakaa vizuri, ila mchezo hausemi.

Na viumbe wengine?

Wa kwanza kukutana naye anatembea kwa kuyumba kama aliyefungwa ndani ya ngozi yake mwenyewe, mikono haionekani. Ni mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani.

Wa pili ni sanamu ya dukani yenye miguu juu na miguu chini, haina kichwa wala mikono. Tukio la kumtambulisha linastahili kutazamwa polepole. Ndani ya Wood Side Apartments, chumba 205, giza tupu, kuna tochi inayowaka. Imevalishwa kwenye sanamu yenye nguo za Mary, zilezile za kwenye picha anayoibeba James. Anachukua tochi, na papo hapo kiumbe kinainuka pembeni. Mwanga anaoutumia mchezo mzima ameutoa kwenye nguo za mkewe, na kitu cha kwanza ulichomulika ni mwanamke aliyebakizwa miguu tu. Hakuna maelezo yanayotolewa. Hayahitajiki.

Maria ni nani?

Ni Mary kama James alivyomtamani: mzima wa afya, mwenye kuvutia, anayemhitaji. Mji umemuumba kwa ajili yake. Wakati mwingine anazungumza kama Mary, akikumbuka mambo ambayo Mary peke yake angeyajua, kisha anarudi kuwa Maria bila kugundua.

Wengi humwona kuwa mtego tu. Sikubaliani nao. Sehemu ya ziada iitwayo Born from a Wish inamfanya yeye awe mhusika mkuu, na pale tunaona ana hofu yake na uchaguzi wake. Kuumbwa kwa ajili ya mtu mwingine, ukijua, ni balaa la aina yake.

Kweli barua inafutika?

Kweli, na wengi hawaoni kwa sababu hawafungui begi. Barua ya Mary iko kwenye vitu vya James tangu mwanzo. Ukiendelea kuikagua, utafika wakati maandishi hayapo, karatasi tupu. Baadaye na karatasi yenyewe haipo. Hapakuwa na barua. James anavyozidi kuukaribia ukweli, ushahidi alioubuni unamtoka mkononi.

Kwa nini Laura hana woga?

Kwa sababu hana cha kuogopa. Ana miaka minane, alifanya urafiki na Mary hospitalini, na kwake mji ni mji tu. Anakaa juu ya ukuta, anapiga teke ufunguo, anazunguka mitaa ambayo James anaiona imejaa viumbe. Kanuni ya "ni cha nani" inathibitishwa na mtoto asiye na kitu.

Angela na Eddie wana uhusiano gani na James?

Hawajuani. Kila mmoja yuko kwenye mji wake, na mara chache miji hiyo inagusana.

Eddie alionewa na kuchekwa maisha yake yote mpaka akafyatua risasi. Wa kwake ni mji wa maiti na chumba baridi cha nyama.

Angela aliteswa na baba yake kwa namna ambayo mtoto hapaswi kuteswa, na akamuua. Kiumbe anachokiogopa kinafanana na kitanda chenye miili miwili chini ya ngozi moja, na James anapokiua, Angela anakipiga teke kikiwa kimeshakufa. Mara ya mwisho tunamkuta kwenye ngazi zinazowaka moto. James anasema kuna joto. Angela anamuuliza, kumbe na wewe unaona? Kwangu ni hivi siku zote. Kisha anapanda ngazi kuingia ndani ya moto, na James hana la kufanya. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa sekunde chache tu James amechungulia ndani ya mtungi wa mtu mwingine. Kwa maoni yangu hakuna tukio zito kuliko hili katika mfululizo wote.

Kwa nini James anaruka kwenye mashimo bila kusita?

Kuanzia jumba la historia anashuka tu: ngazi ndefu kupita kiasi, kisima, gereza, shimo jingine, mpaka makaburi matatu yenye majina ya Angela, Eddie na yeye. Anajitosa kwenye la kwake. Hesabu ya mita haiingii akilini, kwa sababu kinachopimwa si mita. Kila shimo linamuuliza kama yuko tayari kwenda chini zaidi, na mchezaji ndiye anayebonyeza kitufe.

Miisho inaamuliwaje, na upi ndio wa kweli?

Mchezo unakuchunguza bila kukuambia. Ukiangalia mara kwa mara kisu ulichopewa na Angela, na ukitembea na majeraha bila kujitibu, unasogea kwenye mwisho uitwao In Water, ambamo James anajiua kwa kuzama ziwani na gari. Ukijitibu haraka, ukaitazama picha ya Mary na kusoma barua yake, unaelekea Leave, ambamo anaondoka mjini na Laura. Ukimkaa karibu Maria na kurudi kumwangalia chumbani hospitalini, unapata mwisho uitwao Maria, ambamo Maria anaanza kukohoa kabla hata hawajafika kwenye gari.

Hakuna mwisho uliotangazwa rasmi kuwa wa kweli. Wewe umeshajibu kwa mwenendo wako, na wachezaji wengi hukasirika wakigundua walichojibu.

## Alessa, Heather na dini ya mji

Huu mchezo ni wa kishetani?

Swali hili huulizwa sana na wazazi. Dini ya mjini ni ya kubuni, imechanganywa kutoka imani nyingi, na kila mchezo unaoihusu unaionyesha ikiharibu watoto. Dahlia Gillespie anamchoma bintiye Alessa ili mungu wao azaliwe kupitia maumivu yake. Hakuna mahali hadithi inawapongeza. Hata hivyo si mchezo wa mtoto, na hilo halina mjadala.

Ile alama iliyochorwa kila mahali mchezo wa kwanza ni nini?

Hapa ndipo alama yenyewe inapotumika kudanganya. Dahlia anamwambia Harry kwamba ni alama ya Samael, kwamba mji ukijaa alama hizo giza litameza kila kitu, na kwamba msichana anayezichora lazima azuiwe. Harry anaamini. Wewe pia unaamini, maana muziki unatisha na alama inaonekana ya kichawi.

Ukweli ni kwamba ilikuwa muhuri wa kinga wa Metatron, na Alessa alikuwa akiuchora ili kumzuia mama yake. Harry alikuwa akimsaidia mwovu kwa bidii zote. Mtu anayetafuta maana zilizofichwa katika mfululizo huu angepaswa kuanzia hapo: aliyekueleza maana ana faida gani?

Kwa nini shuleni kuna mjusi mkubwa?

Kwa sababu ni wa kitabu cha Alessa. Kwenye maktaba ya shule ya Midwich, Harry anasoma hadithi ya watoto ya mwindaji aliyemuua mjusi kwa kumpiga mshale mdomoni alipoufungua. Muda mfupi baadaye anakutana naye chini ya jengo, na njia rahisi ya kumuua ni kungoja apanue mdomo. Watoto wenye visu wanaozurura madarasani nao ni wa Alessa: ni wenzake waliomwita mchawi.

Mchezo wa tatu unahusu nini chini ya hadithi?

Unahusu mimba isiyotakiwa. Heather, msichana wa miaka 17, ni Alessa aliyezaliwa upya na kulelewa na Harry. Claudia Wolf, kiongozi wa dini ile, anaagiza Harry auawe ili chuki ikuze mungu aliye tumboni mwa Heather. Kiumbe kiitwacho Valtiel kinaonekana mara kwa mara kikizungusha valvu, kama mkunga anayesubiri. Mwishoni Heather anameza dawa aliyoachiwa na baba yake ndani ya kidani, anakitapika kile kijusi, na Claudia anakimeza yeye. Msichana anakataa kazi ambayo watu wazima waliupangia mwili wake.

Na chumba 302 katika mchezo wa nne?

Ni mama. Walter Sullivan alitelekezwa mchanga ndani ya chumba kile, na watu wa dini wakamwaminisha kwamba mama yake yumo humo. Akaanza kuua, kwa mpango wa watu 21 kwa jumla, ili "kumwamsha". Henry Townshend ndiye mpangaji wa sasa, mlango umefungwa kwa minyororo kutoka ndani, na njia pekee ya kutoka ni tundu ukutani ambalo halihitaji ufafanuzi.

Ujanja mkubwa uko kwenye uchezaji. Nusu ya kwanza, ukirudi chumbani unapona. Nusu ya pili chumba kinaingiliwa na mapepo na hakikuponyi tena. Hukuambiwa kwamba umenyimwa mama. Umehisi kwenye afya yako.

## Mabishano ya pembeni

Maiti aliyekaa mbele ya televisheni katika mchezo wa pili ni James?

Anafanana naye kwa sababu watengenezaji walitumia umbo lake. Inaweza kuwa ni kubana matumizi, inaweza kuwa makusudi. Toleo jipya la 2024, lililofanywa na Bloober Team ya Poland, liliuchochea moto huu: lina picha 26 zilizotawanyika, na ukihesabu vitu ndani yake na kuoanisha na herufi za maandishi, unapata ujumbe kwamba umekuwa hapa kwa miongo miwili. Wengi wanaona ni uthibitisho kwamba James anazunguka bila kutoka. Lakini miongo miwili ni pia muda uliopita tangu 2001, na anayeambiwa huenda ni wewe mwenye padi mkononi. Mimi niko upande huo, bila kuapa.

Mji umetokana na Centralia?

Hapana. Centralia, Pennsylvania, mji uliohamwa kwa sababu ya moto wa makaa ya mawe unaowaka ardhini tangu 1962, uliathiri filamu ya 2006. Majivu yanayoanguka ni ya filamu. Mchezo wa kwanza ulishatoka miaka saba kabla.

Kwa nini watu wanalalamika Pyramid Head kuwekwa kwenye filamu na kwenye Homecoming, mchezo wa baadaye?

Kwa sababu ni wa James (rudi kwenye kanuni, sehemu ya kwanza). Bila James anakuwa jitu lenye panga. Ito mwenyewe ameshaonyesha hadharani kukerwa na jinsi alivyotumiwa.

Mwisho wa mbwa una maana gani?

James anafungua chumba na kukuta mbwa aitwaye Mira ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu kwa mitambo. Ni utani. Usiutafutie tafsiri, watu wameshapoteza miaka.

Majina ya mitaa je?

Bradbury, Bloch, Matheson, Bachman: ni salamu kwa waandishi wa hadithi za kutisha na za kubuni. Hayabebi siri ya njama.

Silent Hill f inafuata kanuni ileile, wakati haipo Marekani?

Inafuata. Mchezo huo wa 2025, ulioandikwa na Ryukishi07, uko Japani ya miaka ya 1960, katika mji wa kubuni wa Ebisugaoka. Ukungu upo, ila uozo umegeuzwa kuwa maua, hasa yale mekundu ambayo Wajapani huyahusisha na wafu, na mbweha wamechukua nafasi ya wanyongaji. Mwenye mji ni Hinako, msichana anayesukumwa kwenye ndoa. Ukicheza, usianze kwa kutafuta maana ya ua. Anza na harusi: nani anaitaka, na nani hakuulizwa.